Kuuza pikipiki iliyotumika hapa Bukavu: mnunuzi aruhusiwe kuijaribu barabarani?

Mkaaji wa Nguba

Salamu kwenu nyote. Ninauza pikipiki yangu, na amepatikana mtu ambaye tumekwisha kuelewana naye bei, ila ameweka sharti moja: kabla ya kutoa fedha, aiendeshe peke yake kutoka kwangu hadi Place de l'Indépendance na kurudi. Hapa nyumbani hatuna kauli moja. Mdogo wangu anasema hakuna mwenye akili timamu atakayelipia kitu ambacho hakukijaribu, na mke wangu anasema pikipiki ikishatoka uani na mtu tusiyemjua, tumeigawa bure. Ninalinganisha njia tatu: kumwacha aende peke yake, kuendesha mimi mwenyewe naye akiwa nyuma, au kuiwasha tu hapa uani asikilize injini na kuikagua apendavyo. Anakuja Jumamosi. Ninyi mngechagua ipi?

Fundi wa Essence

Ndugu, umeuliza nusu ya swali. Ni pikipiki ya aina gani? Ilikuwa ikipakia abiria au ilikuwa ya kwendea kazini tu? Carte rose, yaani hati ya umiliki wa pikipiki, ina jina la nani? Na huyo mnunuzi ni mtu wa mtaani kwenu, au ameletwa na komisioneri, yaani dalali? Anayeuza Yamaha AG 100 iliyotoka kwenye shirika hawezi kupewa jibu moja na anayeuza TVS iliyopanda na kushuka Kadutu kutwa nzima. Hata moshi hausomwi kwa namna moja. Injini ya AG 100 huchoma oili pamoja na petroli, kwa hiyo moshi mwepesi wa buluu si kasoro, lakini TVS au Boxer ikitoa moshi wa namna hiyo, ujue kuwa segmenti (pete) za pistoni au mipira ya vali imechoka.

Tukiwa tunasubiri majibu yako, nitasema hili. Mengi yanajulikana pikipiki ikiwa imesimama, na mnunuzi anayejua kazi huanza kwa kuishika injini kwa mkono kabla haijawashwa, kwa sababu injini iliyokwisha kupashwa moto kabla ya mgeni kufika mara nyingi inaficha ugumu wake wa kuwaka asubuhi. Ataisimamisha kwa stendi ya katikati na kulitikisa gurudumu la nyuma kushoto na kulia, likicheza ajue bushi zimelika. Atazungusha usukani taratibu kutoka upande hadi upande, na ukikwama kidogo katikati ajue beringi za shingo zimekwisha. Ataisoma nambari ya chasisi iliyogongwa pale kwenye shingo na kuilinganisha na hati, herufi kwa herufi. Hayo yote hayahitaji barabara.

Mawili tu ndiyo yanayohitaji barabara, tena barabara ya kupanda: klachi inayoteleza na gia inayojitoa yenyewe. Ukiwa uani klachi iliyokwisha inaweza kuonekana nzima kabisa. Ipandishe mlima kwa gia ya tatu, ongeza mafuta, ukisikia injini inapiga kelele zaidi huku mwendo ukibaki uleule, umeshapata jibu.

Mwana wa Kadutu

Mimi sitazunguka: asiende peke yake, hata akiacha nini. Nitawaeleza yaliyompata jirani yetu ili mjue kwa nini ninasema hivi.

Alikuwa akiuza Boxer, nzuri, iliyotunzwa. Alasiri moja walikuja watu wawili, mzee mmoja mwenye shati lililopigwa pasi na kijana aliyemtambulisha kama mtoto wa dada yake. Mzee aliikagua pikipiki kwa utulivu mwingi, akauliza maswali ya mtu anayejua, kisha akaomba kuijaribu hadi njia panda. Jirani alisita. Mzee hakukasirika, bali alisema ni haki yake kusita, akamwambia kijana abaki, akaacha na mfuko wake mweusi, na akatoa nambari yake ya simu ambayo jirani aliiandika palepale. Nani angekataa? Mtu ameacha mtoto wa dada yake, ameacha mzigo wake, ameacha na nambari.

Kijana alipewa kigoda, akaletewa chai. Muda ulipita, mvua ikanyesha ikakatika. Jirani alipopiga ile nambari, simu iliita ndani ya mfuko mweusi. Walipoufungua walikuta simu ndogo ya vitufe na nguo kuukuu, basi. Kijana naye alikuwa mbeba mizigo wa sokoni ambaye yule mzee alimwahidi kazi ya kushusha mifuko ya saruji, akamwambia wapitie kwanza mahali fulani, na kwamba akae kimya watu wazima wakizungumza. Alilia sana watu walipotaka kumpiga, na ninamheshimu jirani yangu mpaka leo kwa kuwa alisimama mbele yake na kuwazuia, ingawa aliyepoteza mali ni yeye.

Lililomuumiza zaidi lilikuja baadaye, alipokwenda kutoa taarifa. Aliombwa nambari ya chasisi na hakuwa nayo popote, kwa sababu carte rose ilikuwa imekunjwa chini ya kiti cha pikipiki ileile. Pikipiki iliondoka na hati zake, na yule mwizi angeweza kuiuza kama mwenye mali.

Kwa hiyo, ndugu wa Nguba, ukimpakia nyuma yako ameijaribu vya kutosha.

Motari wa Panzi

Pole kwa jirani yako, kaka, lakini adhabu isimwangukie kila mnunuzi. Mimi ninaishi kwa pikipiki, na nikinunua mbovu watoto wangu hawali. Ukinipakia nyuma yako, wewe ndiye unayejua kwamba gia ya pili inajitoa, basi utairuka haraka. Wewe ndiye unayejua kwamba breki ya nyuma haishiki, basi utapunguza mwendo mapema kwa gia, na mimi huko nyuma nitaona safari laini kabisa. Kasoro za pikipiki zinajulikana kwa mkono na mguu wa anayeendesha. Muuzaji anayekataa kabisa nisiishike, mimi ninamuaga.

Tena mwendo wa kwenda Place de l'Indépendance na kurudi ni mfupi. Mimi ningetaka nipande nayo hadi Cahi nikiwa na mtu mzito nyuma.

Fundi wa Essence

Hapo Motari amesema kweli kuhusu gia na breki. Kuhusu klachi amesahau jambo: watu wawili wakipanda mlima, klachi iliyochoka itateleza hata kama anayeendesha ni mwenye mali, na aliyekaa nyuma atasikia kwa masikio yake. Njia ya kati ipo, wala si ngumu. Mnunuzi aendeshe, muuzaji akae nyuma. Muuzaji hajaiacha mali yake, mnunuzi ameishika kwa mikono yake, na uzito wa watu wawili ndio mzigo ambao Motari anautaka.

Mwana wa Kadutu

Na kama yule anayeendesha ana wenzake wanaomngoja kwenye kona isiyo na watu? Njia hiyo inamweka muuzaji mwenyewe hatarini, si pikipiki tu. Ninaikubali kwa sharti la kwamba muuzaji ndiye achague njia, iwe mchana, na iwe barabara yenye watu.

Mama Duka wa Nyawera

Wanangu, ninyi nyote mmezungumzia mwendo, hakuna aliyezungumzia fedha. Mimi na marehemu mume wangu tulikuwa tukinunua na kuuza, na desturi yetu ilikuwa moja: fedha zote zihesabiwe kwanza, zikabidhiwe mtu wa tatu ambaye pande zote mbili zinamwamini, kisha pikipiki itoke. Asiyekuja na fedha kamili hajaja kununua, amekuja kutembea.

Zisihesabiwe tu, zikaguliwe. Mnajua wenyewe jinsi dola inavyokataliwa hapa kwetu kwa mpasuko mdogo pembeni, usiozidi unene wa ukucha. Kila noti inyanyuliwe kwenye mwanga, ile iliyochanika au iliyochakaa irudishwe palepale, mbele ya mashahidi. Nimeona mauziano yakivunjika baada ya jaribio, pikipiki imependwa na bei imekubaliwa, lakini noti mbili zina mpasuko na mnunuzi hana nyingine, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Na iandikwe karatasi fupi kwamba fedha hizo ni amana ya kujaribia, wala si malipo, ili muuzaji asije akasema mali imekwisha kununuliwa.

Msomi wa Sheria

Mama Duka ana haki kuhusu karatasi. Mauziano kama haya yanatawaliwa na amri ya 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo bado ndiyo msingi wetu hapa Kongo, na ndani yake muuzaji anawajibika kwa kasoro zilizofichika za kitu alichokiuza, lakini hawajibiki kwa kasoro zilizo wazi ambazo mnunuzi angeweza kuziona mwenyewe. Muuzaji, usiliogope jaribio kiasi hicho. Mnunuzi aliyeijaribu na kuandika kwamba ameona breki imechoka hatarudi mwezi ujao kudai kwamba ulimficha. Kumkataza asiijaribu ndiko kunakompa hoja.

Jambo la pili ni bima. Sheria inalazimisha bima ya dhima kwa vyombo vya moto, yaani bima ya kuwalipa wengine wanaodhurika. Kabla mgeni hajapanda, angalia kama bima yako ingali hai, maana akimgonga mpita njia pale kwenye njia panda ya Feu Rouge, watakaofuatwa ni ninyi wawili.

Mzee wa Bagira

Ndiyo maana mimi siku zote ninawaambia vijana wanunue AG 100. Mnyororo wake umefunikwa wote, tope la Bagira haliufikii, ina stendi pande zote mbili, na hata ikiwa imekaa miaka chini ya mwembe itawaka kwa kiki. Hizo nyingine mnazobishania zimetengenezwa kwa barabara za lami.

Motari wa Panzi

Papa, kwa heshima yote, AG 100 haipakii abiria siku nzima ikaleta faida. Vipuri vyake ni ghali, na inakula mafuta. TVS ninapata kipuri chake kila kona ya Kadutu.

Mzee wa Bagira

Mwanangu, kipuri kinachopatikana kila kona ni kwa sababu kinaharibika kila siku.

Mkaaji wa Nguba

Ninawashukuru nyote, na Mama Duka hasa. Ninajibu maswali ya Fundi. Ni TVS HLX 125, niliinunua Uvira, na nimekuwa nikiitumia kwenda kazini tu, ingawa mwenye kwanza aliipakia abiria kwenye njia ya Kamanyola. Carte rose bado ina jina la huyo wa kwanza, lakini ninayo hati ya mauzo kati yangu naye. Tangu niilete huku ninaona inapanda kwa uzito kidogo na inatoa moshi mweusi asubuhi. Mnunuzi ameletwa na komisioneri.

Mwana wa Kadutu

Ndugu, haya ndiyo uliyopaswa kuanza nayo! Mnunuzi wa komisioneri, hati si kwa jina lako, na bado unafikiria kumpa funguo? Pikipiki ikiondoka, utamweleza nani kwamba ni yako?

Fundi wa Essence

Tulia kwanza, tutenganishe mambo. Kuhusu moshi mweusi: mweusi si buluu. Mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa. Uvira iko karibu na mita 800 juu ya usawa wa bahari, na hapa Bukavu tuko karibu na mita 1,500, hewa ni nyepesi zaidi, kwa hiyo kabureta iliyokuwa sawa kule huenda inamimina petroli kupita kiasi huku. Chujio la hewa lililoziba huleta dalili zilezile. Lete kwangu au kwa fundi yeyote kabla ya Jumamosi, asafishe chujio, aitazame buji (plagi) kama imejaa masizi, na akiona inafaa apunguze jikleri, kile kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta. Usipofanya hivyo, mnunuzi ataipandisha mlimani, ataiona nzito, na atasema injini imekufa, kumbe injini ni nzima. Hapo utapoteza fedha nyingi kwa kazi ya saa moja.

Na kwa kuwa ilipakia abiria kwenye mteremko wa Ngomo, ulio kwenye njia hiyo ya Kamanyola, mimi mwenyewe ningependa kuzitazama breki zake kabla ya mtu yeyote kuijaribu, awe mnunuzi au wewe.

Msomi wa Sheria

Kuhusu jina: hati ya mauzo uliyo nayo inakusaidia, lakini mnunuzi atataka mnyororo wote wa hati, kutoka kwa mwenye kwanza hadi kwake. Toa nakala ya hati zote mbili, carte rose na hati ya mauzo. Nakala ndizo zitakazotembea na pikipiki siku ya jaribio, na asili zibaki nyumbani.

Mkaaji wa Nguba

Nitaipeleka kwa Fundi kesho kutwa. Nimezungumza na mnunuzi kwa simu, na amekubali fedha zikae kwa Mama Duka, nami nikae nyuma yake, kupitia barabara kuu tu. Lakini nilipomwomba aandike kwamba akiiangusha pikipiki atalipa, amekataa. Anasema kama ataiangusha kwa sababu breki ni mbovu, hasara ni yangu. Mimi ninasema anayeendesha ndiye anayelipa.

Motari wa Panzi

Hapo mimi niko upande wake. Huwezi kumpa mtu breki usizozijua kisha umdai kioo kilichovunjika.

Mama Duka wa Nyawera

Mwanangu Motari, na akiiangusha kwa sababu hajui kuendesha? Mwulize kwanza kama ana leseni. Naona hata hilo hakuna aliyelitaja.

Mkaaji wa Nguba

Sijamwuliza. Ninampigia sasa hivi.