Je, saikolojia ya Magharibi ina deni kwa falsafa ya Kihindu?

Mwanzisha mada: Waheshimiwa, Yoga Sutra, mafundisho ya kale ya yoga ya mwanafalsafa wa Kihindu Patanjali, zinafundisha kwamba kila tendo huacha alama akilini, iitwayo samskara, na kwamba alama hizo humsukuma mtu hata asipozitambua. Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha saikoanalisia, yaani tiba ya nafsi kwa mazungumzo, alipata sifa kwa fundisho linalokaribiana sana na hilo. Je, si haki deni hilo litajwe?

Mchangiaji wa kwanza: Kufanana si kurithi. Patanjali alitafuta ukombozi wa roho, ilhali Freud alitaka mgonjwa aweze kufanya kazi na kupenda. Mwandishi Mfaransa Romain Rolland alipomweleza, mwaka 1927, hisia ya kuwa kitu kimoja na ulimwengu, Freud alijibu kwamba yeye haioni hisia hiyo ndani yake. Sayansi ya nafsi ilizaliwa kliniki, haikuzaliwa hekaluni.

Mchangiaji wa pili: Hiyo kauli ya hekaluni imeniudhi, ndugu yangu. Girindrasekhar Bose alikuwa daktari wa Calcutta, akaanzisha Chama cha Saikoanalisia cha India mwaka 1922, akiwa amekwisha kufikiri kwa njia yake kwamba kila tamaa hubeba tamaa iliyo kinyume chake. Aliandikiana na Freud kwa miaka mingi bila kumshawishi. Mwaka 1931 Freud alipotumiwa kutoka India sanamu ya mungu wa Kihindu Vishnu ya pembe za ndovu, alishukuru akisema itamkumbusha ushindi wa saikoanalisia katika nchi za kigeni. Mwenzake anampa zawadi, yeye anahesabu nchi alizozishinda!

Mchangiaji wa tatu: Na Carl Jung, mwanasaikolojia wa Uswisi, je? Mwaka 1932 alihutubia Zürich kuhusu Kundalini, nguvu ambayo yoga husema imelala ndani ya mtu, kisha akawaonya Wazungu wasifanye yoga. Alizunguka India mwaka 1937 na 1938, lakini hakwenda kumwona Ramana Maharshi, mwalimu mashuhuri wa kiroho wa huko.

Mchangiaji wa kwanza: Jung msimwonee. Aliwaonya kwa sababu aliamini kwamba Mzungu, aliyelelewa na historia ya Ukristo, hawezi kuazima njia ya watu wengine bila kujidanganya. Hiyo ni heshima.

Mchangiaji wa pili: Heshima huanza kwa kumsikiliza aliye hai. Mwanasaikolojia Mmarekani William James alimnukuu mtawa wa Kihindu Vivekananda katika kitabu chake cha mwaka 1902, na hakuna aliyemwona mdogo kwa hilo. Bose alikuwa na wagonjwa, nadharia na chama; nionyesheni ni kitabu gani cha kufundishia saikolojia kinachomtaja.