Naomba ushauri: kutembea Lushoto mjini hadi Irente na mama mwenye magoti, inawezekana?

Kiroba Kitupu:
Wakuu habari za saa hizi. Wikiendi ya Nanenane nataka nipande Lushoto na familia, mimi, waifu, dogo wa miaka tisa na bimkubwa wangu ambaye yuko fiti kwa umri wake ila magoti yanamsumbua hasa kwenye kushuka. Lengo ni Irente, pale kwenye mwamba unaoona nyika yote chini, ila sitaki tupelekwe na gari hadi pale tupige picha tugeuze, nataka tutembee kabisa, dogo aone mashamba aachane na simu kidogo. Plani yangu tutoke Dar Jumamosi saa kumi alfajiri na kigari changu, tufike, tupande, usiku turudi. Nasikia ni kilomita kama sita tu toka mjini. Je njia ni ngumu kiasi gani, bimkubwa ataweza, tuvae nini, na mtu wa kututembeza ni lazima au ni kuliwa hela tu? Nawasilisha.

Fundi wa Kona:
Mkuu kwenda na kurudi siku moja toka Dar futa kabisa. Hadi upite Chalinze, Segera, Korogwe ufike Mombo ushachoka na tochi za barabarani, halafu Mombo kwenda Lushoto ni kilomita 33 lakini ni kona mwanzo mwisho, upande mmoja mwamba upande mwingine korongo, na malori ya mboga yanashuka. Sasa uipande asubuhi, utembee mlimani mchana kutwa, halafu uishuke usiku na familia ndani? Nenda Ijumaa, lala, Jumamosi tembea, Jumapili rudi. Na dogo asijazwe chai ya maziwa Mombo, utakuja kuniambia ukifika Soni.

Mshambaa Halisi:
Onga mshi mgosi, karibu kwetu. Njia ya Irente sio ya kutisha. Unatoka mjini unapita Yoghoi, ni barabara ya vumbi, inapanda pole pole, kuna vipande viwili vitatu vitakutoa jasho, pembeni mahindi, migomba, watoto watawasalimia hadi mchoke kuitikia. Unakutana kwanza na shamba la Irente, lile la kanisa la Kilutheri, ukisogea tena mbele ndio unafika ukingoni. Kwa mwendo wa mtoto na mama weka masaa mawili na nusu ya kwenda msikimbizane. Kilomita sita za Dar na sita za huku sio mamoja, Lushoto iko mita kama 1,400 juu, mtu wa pwani anahema hata akipanda ngazi za gesti.
Mtu wa kuwatembeza kwa barabara hiyo sio lazima, ila ukitaka njia za ndani za vijijini na msituni chukua, vijia vinagawanyika ovyo na ukungu ukishuka huoni hata mguu wako. Mpate kupitia ofisi inayoeleweka pale mjini, sio anayekudaka stendi, na bei mmalizane kabla hamjaanza kutembea.

Bibi Maua:
Mwanangu nakuunga mkono kumpeleka mama. Ila magoti mabovu hayaogopi kupanda, yanaogopa kushuka, hata wewe umesema. Kwa hiyo kwenda atembee anapoweza, na fimbo yake, kurudi kodi gari au hata bodaboda ya mtu mzima mwenye akili iwafuate kule juu saa mliyopanga. Asilazimishwe kumaliza ili mseme tulitembea wote.

Chizi Kamera:
Hakikisheni mnafika jioni aisee, ukingo unatazama magharibi, jua linazama mbele yako juu ya nyika ya Umasai, picha hizo hutapata tena. Asubuhi mtakuta ukungu mtupu.

Mshambaa Halisi:
Chizi Kamera uko sahihi kuhusu ukungu, mwezi wa nane asubuhi huku ni sweta na moshi unatoka mdomoni. Ila jua likizama giza linaingia fasta, na barabara ile haina taa. Mimi ningefanya hivi, mtoke mjini saa nne ukungu ukiwa unaachia, mle pale shambani, wana mkate wao, jibini, jamu, juisi, lakini chakula cha kukaa mezani muagize mapema, msitokee tu mkiwa na njaa. Saa nane tisa mko ukingoni, mnaona Mazinde chini, lami ya Moshi na magari kama sisimizi, karibu mita elfu moja chini yako wima. Saa kumi gari iwachukue. Anayetaka machweo abaki na gari yake.
Na dogo mshikeni MKONO. Pale kwenye mwamba ukiteleza hakuna cha kukudaka na upepo unakuja ghafla. Mambo ya selfi mgongo ukiwa korongoni muache.

Tembea Uone:
Kwa nini asiende kijiji cha Mambo kule Mtae, kuzuri mara mia na siku ya wazi unaiona Kilimanjaro

Fundi wa Kona:
Mkuu ana magoti ya bimkubwa na kigari kidogo, wewe unamuongezea masaa ya barabara ya milima. Hiyo safari nyingine.

Kiroba Kitupu:
Nimewaelewa wakuu, tunaenda Ijumaa tunalala. Bimkubwa nimemsomea komenti ya Bibi Maua kacheka, kasema yeye bodaboda hapandi, nitafute gari. Viatu je, raba za kawaida? Na maji?

Mshambaa Halisi:
Raba zenye meno, zile za soli laini zinateleza kwenye vumbi. Maji lita moja na nusu kila mtu, sweta, na koti la mvua hata kama kumekucha jua. Beba keshi ya noti ndogo, kuna kaada ka kuingia kule ukingoni na simu ikigoma mtandao hamna wa kukuchenjia.

Kiroba Kitupu:
Poa mgosi. Jibini nikinunua Jumamosi itafika Dar salama?

Bibi Maua:
Inunue ile ngumu, uifunge kwenye gazeti, na usiiweke kwenye buti.