Treni ya abiria Kampala–Mukono: kazi ya manispaa ni ipi hasa?

mpangaji_mashariki

Habari zenu wandugu. Swali hili ni kwa wanaojua reli na mipango miji, hasa mlio Kampala na wilaya zinazoizunguka.

Manispaa moja upande wa mashariki imearifiwa kwamba kituo kidogo cha treni ya abiria kitakuwa ndani ya mipaka yake. Njia, jukwaa na treni ni kazi ya Shirika la Reli. Kamati ya mipango inatakiwa ilete mapendekezo kabla ya mkutano wa bajeti. Madiwani wanadai maegesho ya magari 200, mhandisi anataka lami hadi mlangoni, afisa mipango anasema ardhi kwanza. Na kuna wanaodhani hii ndiyo SGR, ile reli mpya ya kisasa.

Tunachotaka kujua: tutegemee treni kila baada ya dakika ngapi, njia za waendao kwa miguu ziwe na upana gani, kivuko cha reli kitengenezwe vipi, na wenye bibanja (wanaokaa kwa haki kwenye ardhi yenye hati ya mtu mwingine) tuanze nao wapi? Wenye namba watoe namba tafadhali.

reli_na_kokoto

Itenganisheni kwanza na SGR, la sivyo kila kikao kitaishia kwenye mabishano. SGR ni njia mpya ya Malaba hadi Kampala, kilomita 272, upana wa milimita 1,435. Mkataba na Yapi Merkezi, kampuni ya ujenzi ya Uturuki, ulitiwa saini Oktoba 2024. Treni mnayoizungumzia inapita reli ya zamani ya milimita 1,000, ileile iliyofika Kampala mwaka 1931. Ndiyo iliyoanza kubeba abiria wa asubuhi na jioni Desemba 2015 kati ya Kampala na Namanve, ikisimama Nakawa, Kireka na Namboole, kisha ikawa inakatika na kurudi. Kama njia zote mbili zinawagusa, mna hifadhi mbili, yaani kanda mbili za ardhi zilizotengwa kwa reli, zenye mipaka tofauti. Zichorwe kwa rangi mbili kwenye ramani moja, ibandikwe pale watu wanapoleta michoro ya nyumba.

Kuhusu dakika. Reli ni moja, kwa hiyo kinachoamua ni umbali kati ya sehemu mbili ambapo treni zinaweza kupishana. Hata mkiongezewa treni kumi, hesabu hiyo haibadiliki. Chukua sehemu hizo ziwe kilomita 12, treni iende wastani wa kilomita 30 kwa saa: dakika 24. Ongeza 4 za kupanga njia na kupokea ruhusa, unapata 28. Treni ya upande wa pili nayo inataka 28 zake. Basi mwelekeo mmoja haupati treni chini ya dakika 56. Ukiweka njia ya kupishania katikati kabisa, inashuka hadi 32. Kituo cha mwisho nacho kinakula muda: kukata kichwa cha treni, kukizungusha, kukifunga upya na kujaribu breki ni dakika 15 hadi 20. Treni yenye chumba cha dereva kila mwisho inaziokoa zote.

Kwa manispaa maana yake ni kwamba watu hawatatiririka siku nzima kama pale steji ya taksi. Watamwagika mara moja, kisha kimya nusu saa au zaidi. Treni ikishusha watu 600 wakatoka kwa dakika 3, ni watu 200 kwa dakika. Njia tambarare hupitisha kwa raha watu 40 hivi kwa dakika kwa kila mita ya upana. Mnahitaji mita 5. Na ziwe mita 5 tupu, maana mkichora 5 halafu meza za rolex (chapati na mayai) na za kadi za simu zikakaa mita mbili, mna njia ya mita 3 na msongamano wa kila jioni. Ngazi ni mbaya zaidi, zihesabuni watu 25 kwa mita, yaani mita 8.

Jambo dogo linaloharibu yote hayo ni mkaguzi wa tiketi mlangoni. Mtu mmoja akikagua kwa mkono hupitisha watu kama 20 kwa dakika. Wawili, 40. Watu 600 watachukua robo saa kutoka kituoni, na hapo hata njia ya mita 20 haisaidii. Waambieni Shirika mapema: ukaguzi ufanyike wakati wa kupanda au ndani ya behewa.

mitaro_kwanza

Nakubaliana na @reli_na_kokoto, ila mbele ya yote hayo kuna maji. Maji ndiyo yanayoiua reli mjini, na mengi yanatoka kwenye barabara za manispaa yenyewe.

Kanuni ni nyepesi: zidisha kipimo cha mtiririko (sehemu ya mvua inayotiririka bila kunywewa na ardhi) kwa mvua ya milimita kwa saa, kwa hekta, gawanya kwa 360, unapata mita za ujazo kwa sekunde. Mteremko wa hekta 15, mvua ya milimita 80 kwa saa. Ulipokuwa migomba na nyasi kipimo ni 0.3, maji ni mita 1 ya ujazo kwa sekunde. Ukishajaa mabati, zege na lami kipimo kinapanda hadi 0.7, na maji ni 2.3. Kalavati ya duara ya milimita 900, maji yakiwa yamefika ukingo wa juu mdomoni, hupitisha takriban mita 1. Ile 1.3 iliyobaki inapanda juu ya tuta.

Ikipanda, matope yanajaa kati ya kokoto. Kokoto kazi yake ni kupitisha maji na kushika mataruma, ile mihimili inayolaliwa na reli. Zikijaa matope, kila gurudumu likipita taruma linapiga kama pampu na uji wa udongo unaruka juu. Ukiona madoa meupe au mekundu kando ya mataruma baada ya mvua, hapo reli imeshaanza kulala upande. Treni itapewa amri ya kwenda polepole, na zile dakika 56 zitakuwa 70.

Kwa hiyo mhandisi wenu asimwage lami ya barabara ya kituo kabla ya kupima kila kalavati iliyo chini ya reli. Upande wa Banda na Kireka maji yanateremkia bonde la Kinawataka, hakuna njia nyingine. Kalavati ya pili ikihitajika iombwe sasa, kabla treni hazijawa nyingi, maana kuchimba chini ya reli kunataka treni zisimame. Na wekeni wavu wa vyuma mita kadhaa juu ya mdomo, wenye sehemu ya mtu kusimama na kuchota takataka. Wavu bila mtu wa kuusafisha ni bwawa. Kavera (mifuko ya plastiki) mbili tatu na ganda la jackfruit zinatosha.

Kivuko cha reli: treni ya kilomita 40 kwa saa inakwenda mita 11 kwa sekunde. Taksi iliyosimama inataka sekunde 10 hivi kuondoka na kumaliza kuvuka, kwa hiyo dereva lazima aione treni ikiwa mita 110. Lori lililojaa linataka 15, yaani mita 165. Simameni mahali pa dereva wa lori, pimeni, kisha muone ni vibanda na mabango mangapi yanakaa ndani ya pembetatu hiyo. Barabara iwe tambarare pande zote mbili kwa urefu wa lori zima, la sivyo trela za chini zinakwama tumbo katikati ya reli.

Halafu ule mfereji wa gurudumu pembeni ya reli, kama milimita 60 na kidogo. Mkileta changarawe kwenye barabara inayoingia kivukoni, mawe yataujaza ndani ya wiki. Ukingo wa gurudumu unashuka chini ya uso wa reli kama milimita 30. Mfereji ukijaa mawe yaliyoshindiliwa, gurudumu linapanda, na behewa tupu ndilo la kwanza kutoka relini. Mita 30 za kila upande ziwe lami au zege, na awepo mtu mwenye chuma cha kuchokolea, kwa mkataba ulioandikwa ni wa nani: wenu au wa Shirika.

mthamini_256

Kwenye ardhi kuna makosa matatu yanayojirudia, na yote yana bei.

La kwanza ni kulipa upande mmoja. Kwenye mailo, umiliki wa ardhi wa Buganda, kuna mwenye hati na kuna mwenye kibanja, na wote wawili wana haki juu ya kipande kilekile. Mkimlipa mwenye hati peke yake, wa kibanja atabaki na nyumba yake katikati ya njia yenu ya mita 5, na sheria iko upande wake. Orodha iandikwe pamoja na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa), picha ya kila mti na kila ukuta, na saini ya mke au mume pale ambapo ardhi ni ya familia.

La pili ni notisi. Sheria ya Ardhi inataka juu ya fidia iongezwe posho ya usumbufu ya asilimia 15, na inakuwa 30 kama mwenye mali amepewa chini ya miezi sita kuhama. Nyumba iliyothaminiwa milioni 40: milioni 6 au milioni 12. Nyumba kumi za namna hiyo ni milioni 60 zinazotupwa kwa sababu barua ilichelewa kuchapwa.

La tatu ni kuingia kabla ya kulipa. Mahakama ya Juu ilishalimaliza hilo mwaka 2015 katika kesi ya Irumba dhidi ya mamlaka ya barabara: fidia kwanza, kuchukua baadaye. Mkandarasi akipeleka tingatinga kabla, amri ya zuio inapatikana haraka kuliko mnavyodhani.

Bei za mazao na majengo yasiyo ya kudumu zinatoka kwenye orodha ya Bodi ya Ardhi ya Wilaya. Hakikisheni mna ya mwaka huu. Na tarehe ya mwisho ya kuhesabu mali itangazwe siku ileile wapimaji wanapopigilia vigingi, kwa redio na kwa kipaza sauti cha mtaa. Mkiacha wiki mbili katikati, mtakuta kahawa imeota usiku.

mpangaji_mashariki

Asanteni sana, hii ni zaidi ya nilivyotarajia. @mthamini_256, na waliojenga ndani ya hifadhi ya reli kwenyewe? Na lile la maegesho ya magari 200 tuwajibuje madiwani?

mthamini_256

Ndani ya hifadhi ardhi si yao, kwa hiyo hakuna fidia ya ardhi. Lakini ulizeni fedha za mradi zinatoka wapi. Zikiwa za Benki ya Dunia au Benki ya Maendeleo ya Afrika, masharti yao yanataka hata asiye na hati asaidiwe kuhama na kulipwa alichojenga, isipokuwa aliyeingia baada ya tarehe ya kuhesabu. Msifukuze mtu kabla ya kusoma masharti hayo. Mkopo unaweza kusimamishwa.

reli_na_kokoto

Maegesho: gari moja pamoja na njia ya kupita ni mita za mraba 25. Magari 200 ni mita za mraba 5,000, karibu eka moja na robo ya ardhi iliyo bora kuliko zote mjini kwenu, kwa ajili ya watu 250 hivi. Syokimau kule Nairobi ilifunguliwa 2012 ikiwa na maegesho kwa sababu ardhi ilikuwepo. Nyinyi hamna.

Boda moja inataka mita za mraba 3 pamoja na nafasi ya kugeuza. Boda 60 ni mita 180 tu, na zinazunguka mara tatu nne kabla treni inayofuata haijafika. Taksi wapeni nafasi tano za mita 6 upande wa pili wa lango, si upande uleule wa boda. Zikichanganyika, taksi zitasimama kwenye mdomo wa njia ya miguu kwa sababu ndipo abiria anapoonekana.

bajeti_julai

Naongeza la kalenda, maana hayo yote bila fungu ni karatasi. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na baraza linapaswa kuwa limepitisha bajeti kufikia 31 Mei, lakini mlango halisi ni rasimu ya mfumo wa bajeti, Oktoba na Novemba. Kituo kisipotajwa humo, hata kwa mstari mmoja, mnasubiri mwaka mzima mwingine, na manunuzi hayawezi kuanza bila uthibitisho wa fedha.

Gaweni kazi kwa mafungu tofauti. Mitaro na barabara ya kuingilia zinaweza kuombewa kwenye programu ya GKMA (eneo la Kampala kubwa) ambayo Benki ya Dunia iliidhinisha 2022 kwa ajili ya Kampala na majirani zake, Kira na Mukono zikiwemo. Fidia iwe fungu lake peke yake, isichanganywe na ujenzi. Usafi wa wavu na kivuko ni matumizi ya kawaida ya kila mwaka. Wengi husahau hilo kwa sababu halina sherehe ya kuzindua.

Barua nazo ziende panapostahili. Njia ya miguu ikigusa Jinja Road, hiyo ni barabara ya taifa. UNRA, mamlaka ya barabara za taifa, ilivunjwa mwishoni mwa 2024, kazi zake zimerudi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Bado kuna manispaa zinazoandikia anwani ya zamani na kulalamika hazijibiwi.

mitaro_kwanza

Moja limesahaulika: uzio. Shirika litataka uzio kando ya reli, na ni haki yao. Kabla haujawekwa, tumeni vijana wawili wahesabu watu wanaovuka kwa miguu saa 12 asubuhi hadi saa 3, siku ya kazi, kila mita 200. Mtaona njia nyembamba zilizokanyagwa hadi udongo unang'aa: kuelekea shule, kisima, soko. Pale penye wengi wekeni kivuko cha miguu chenye vizuizi viwili vya kupishana, ili mtu alazimike kugeuka na kutazama pande zote mbili. Mkiziba tu, kipande cha uzio kitakatwa hapohapo wiki ya kwanza, na chuma chake mtakikuta kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

mpangaji_mashariki

Kuhesabu tunaanza Jumanne. Nitaleta namba hapa.