Alama ya kaboni ya jiko la nyumbani hukokotolewaje?

Swali: Ndugu zangu, naomba kueleweshwa. Alama ya kaboni ni nini hasa, na anayepikia gesi hapa Dar es Salaam anaweza kuikokotoa mwenyewe?

Jibu: Anaweza kabisa. Alama ya kaboni ni jumla ya gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto duniani, zinazotokana na shughuli fulani. Kilo moja ya gesi ya kupikia ikiungua hutoa takribani kilo 3 za kaboni dioksidi, hivyo mtungi wa kilo 15 hutoa kama kilo 45, bila kuhesabu uchimbaji wala usafirishaji wake.

Jibu: Naongezea kuhusu mkaa, maana wengi huhesabu moshi wa jikoni pekee. Sehemu kubwa ya kuni huteketea kwenye tanuri la udongo huko porini, ambako hutoka pia methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 huongeza joto duniani takribani mara 28 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi. Ndiyo sababu zote hugeuzwa kuwa kipimo kimoja, kilo za kaboni dioksidi linganifu.

Muulizaji: Nashukuru sana. Je, miti ikioteshwa upya?

Jibu: Ikikua yote, kaboni dioksidi ile hufyonzwa tena, methani hubaki kwenye hesabu.