Wajukuu wa Bi Mkubwa, Langoni, Lamu: zamu ya punda na kuku

Jumapili

Da Zuhura 05:52
Asalaam aleikum. Nimeuliza tangu juzi hakuna alojibu. Salim kesho anavuka Mokowe na boti ya alfajiri apande basi la Mombasa, mwezi mzima hayupo, punda wawili na kuku 14 nani atawaangalia asubuhi? Nataka majina sio dole gumba

Jamal 06:31
👍

Da Zuhura 06:31
Jamal!

Salim 06:40
Naandika kazi zenyewe msije mkasema hamkujua. Ukitoka fajri unaanza na maji, ndoo ya lita 20 kila mmoja, ya mfereji sio ya kisimani, yale yamekua ya chumvi Kijivu akiyanusa tu anageuza shingo. Ndo uwape nyasi na pumba kidogo. Wakila unawainua miguu mmoja mmoja unachokoa kwato na kile kijiti kilochomekwa mlangoni, halafu unapitisha mkono mgongoni pale shogi inapokaa, ukihisi joto au manyoya yametoka hapakiwi kitu siku hiyo. Kufagia mavi mwisho. Na msiwaache wazurure jalalani, mifuko imepigwa marufuku tangu 2017 lakini plastiki bado zimejaa, yule wa kwanza mnajua alikufaje. Kuku wafungulie jua likishatoka kwa sababu ya paka, wahesabu wakitoka na wakiingia. Yule wa madoadoa anaatamia mayai 9, leo siku ya 19, keshokutwa anaangua, MSIMGUSE

Jamal 06:44
Mayai yapi hayo?? jana nimekaanga mawili 🙈

Salim 06:44
Jamal!!!

Mwanaidi 06:45
😂😂😂 kimanda chenye manyoya

Jamal 06:46
Wallahi yalikua juu ya gunia sio kwenye pakacha

Salim 06:47
Basi hayo ni ya kula. Moyo ulishasimama

Mwanaidi 06:47
Jamal ukisikia piyo piyo tumboni sema 😂

Da Zuhura 06:50
Tuache mayai. Salim si jana umeniambia Mweusi ana kidonda, mbona hujaandika

Salim 06:58
Ndo nilikua nafika huko. Ubavu wa kushoto, ukubwa wa sarafu ya shilingi 20, matandiko yalijikunja yakamchubua. Nimeosha na maji ya chumvi ya uvuguvugu lakini leo nimekuta inzi. Kesho apelekwe kliniki ya punda, hawatozi kitu tangu walipofungua 1987, ni mtu tu wa kumshika kamba. Nani atampeleka?

Shangazi Rukia 07:05
[picha: Asubuhi njema familia 🌹🌹]

Mwanaidi 07:06
Ahsante shangazi nawe pia

Kaka Bakari 07:20
Fundi ameshanilipa nusu ya mchanga, safari sita leo. Mweusi amalize hizo halafu apumzike hata wiki mbili

Salim 07:21
Kaka hapakiwi, kimeanza kutoa maji

Da Zuhura 07:24
Bakari habari ya punda wewe kaa mbali nayo. Hatujasahau machinjio ya punda yalipofunguliwa bara ni nani alomleta mnunuzi wa ngozi mpaka uani, babu hata hajaarifiwa

Kaka Bakari 07:29
Hiyo ya 2018 mtanizika nayo? Nilikua nadaiwa karo, hakuna hata mmoja wenu alonichangia. Na yule alokufa tumbo limejaa plastiki zamu ilikua ya nani Zuhura? Yangu?

Jamal 07:30
🍿

Da Zuhura 07:31
Jamal toa hiyo

Mwanaidi 07:48
Jamani bibi yuko hapa nimemsomea yote. Anasema niandike maneno yake kama yalivyo:
Bakari, mawe ya chumba ulichozaliwa yalibebwa na nyanyake Mweusi kutoka pwani, na baba yako nyuma yake miguu mitupu. Mrejeshee fundi pesa zake leo. Mweusi asipakiwe hata ndoo tupu mpaka mgongo upone. Na atakayerudi kulala baada ya fajri na wale hawajanywa, asije kunisalimia.

Kaka Bakari 08:33
Nimesikia bibi. Nusu nishaitumia lakini nitazungumza na fundi

Da Zuhura 08:40
Haya. Jumanne mpaka Alhamisi nitatoka Shela nije mwenyewe. Ijumaa?

Kaka Bakari 08:41
Ijumaa mimi

Mwanaidi 08:43
Kuku nichukue siku zote, punda naogopa teke

Da Zuhura 08:44
Jumamosi na Jumapili Jamal. Na kesho?

Jamal 09:10
Kesho nina mtihani saa mbili. Jumamosi sawa ila Jumapili sijui

Salim 09:15
Kesho nitawanywesha saa kumi usiku kabla ya boti. Lakini kliniki lazima mtu ampeleke, kikikaa siku mbili na inzi hawa kitaingia funza. Ufunguo wa banda nimwachie nani?

Da Zuhura 13:02
Mmesoma watu 11 nimewaona. Kliniki nani?

Shangazi Rukia 16:20
Poleni na Mweusi 🤲

Hussein 22:17
Ndo naona mesej. Mweusi si ndo yule wa sikio lilokatika?

Da Zuhura 22:18
Ndiye. Hussein kesho asubuhi uko mjini?

Da Zuhura 22:40
Hussein?