Naomba ushauri: jetoni za polisi kwa vijana wenye mwenendo mzuri, Katuba

Wandugu, salamu. Kartye (mtaa) moja ya Katuba, hapa Lubumbashi, inapanga polisi wa doria wampe jetoni (karatasi ndogo ya kubadilisha na zawadi dukani) kijana wanayemkuta akifanya jema: kuvusha watoto wa shule barabara, kuzibua mfereji, kurudisha simu aliyookota. Mfano ni Richmond, Kanada, ambako polisi chini ya Ward Clapham waligawa tiketi za pongezi.

Kila askari atapewa kitabu cha jetoni 20 kwa mwezi, zenye namba na kashe (muhuri). Kila jetoni ina vipande viwili: kijana anachukua kimoja. Kwenye kile kinachobaki panaandikwa tendo, mahali na tarehe, bila jina lake. Zawadi ni kitu, si faranga: kaye (daftari), biki (kalamu), kunyolewa. Mwenye duka analipwa Jumamosi, vipande vikishalinganishwa. Namba zisipofuatana, kitabu kinarudishwa.

Upendeleo na kuuziana jetoni tunaweza kuvikagua kwa njia hiyo. Kinachotutia hofu kweli ni kingine: kijana akipokea kitu mkononi mwa askari, wenzake watamwita mpasha habari wa polisi, na anaweza kupigwa. Kwa hiyo jetoni haitatolewa kamwe kama malipo ya kumtaja mtu, wala usiku, wala pembeni.

Je, askari aitoe mbele ya mwalimu au shefu wa kartye, au amwachie mwalimu aitoe mwenyewe? Na wasichana wanaoshinda nyumbani wakifanya kazi, ambao doria haiwaoni, tuwafikie namna gani?