Maua ya kuliwa kwenye ndoo: majani tele, ua hakuna hata moja. Msaada wa haraka

Mkazi wa Goba (mleta mada)
Habari za muda huu wakuu. Nakuja kwenu sina pa kushika. Nipo Goba, nyumba ya kupanga, uwanja wote saruji, kwa hiyo nikaamua kupanda kwenye ndoo za rangi za lita 20 na madumu niliyoyakata ubavu. Nimepanda maua ya kuliwa aina tatu, yote kwa mbegu: nastatiamu, kalendula na panzi. Leo ni wiki ya sita. Panzi hawajaota hata mmoja. Kalendula zimeota ila zimedumaa, ncha za majani zimeungua kama zimepitiwa na pasi. Nastatiamu ndiyo inaninyima usingizi: majani ya duara mapana kama visahani, kijani cha kupendeza, yanatambaa mpaka kwenye ngazi, lakini ua hakuna. Maji namwagilia asubuhi na jioni. Jua lipo.
Swali langu ni moja tu: nifanye nini yatoe maua ndani ya siku 23? Matusi hapana tafadhali. Nawasilisha.

Nipo Paleee
Nimewahi siti ya mbele. Ngoja waje wataalamu.

Senene wa Muleba
Panzi hawajaota? Mkuu, panzi haoti, anaruka. Kwetu mvua za Novemba zikikolea tunawasha taa, tunawakamata, tunang'oa mbawa na miguu, tunawakaanga kwa mafuta yao wenyewe. Hao ndio wa kuliwa. Ndoo ninayo, ila ni ya kuwabebea.

Mkazi wa Goba
@Senene wa Muleba ni ua, linaitwa hivyo hivyo. Lina madoa katikati kama sura ya paka aliyenuna. Tusitoke nje ya mada.

Udongo Tifutifu
Hilo ua ni la baridi. Mbegu zake zinataka ubaridi wa kama nyuzi 18 hadi 20 na giza mpaka zichomoze. Lushoto sawa, Arusha sawa, ndoo ya Goba inayochomwa na jua juu ya saruji hapana. Hizo zisamehe, hazirudi.
Hizo mbili zinatibika, ila nijibu vitu vitatu. Umeweka mbolea gani? Maji ya wapi? Na siku 23 zimetoka wapi? Mmea hauna kalenda.

Mkazi wa Goba
Mbolea ya kawaida tu. Maji ya kawaida. Siku 23 ni malengo yangu binafsi.

Udongo Tifutifu
Hakuna mbolea inayoitwa ya kawaida. Daktari akikuuliza umekula nini humwambii chakula.

Bi Rehani
Mwanangu pole. Mie nipo Tanga, maua nimeyajua tangu utotoni. Harusi yangu mimi nilivikwa kikuba cha asumini, rehani na langilangi, harufu yake ilikaa chumbani siku tatu. Hatukuwa na mambo ya kula maua. Ua lilikuwa la kunukia, na mume akajua ameoa. Ila mama yangu akipika majani ya maboga alikuwa anatia na maua yake pamoja na tui, yanakuwa malaini hayo! Alikuwa anachuma yale madume, yenye kikonyo chembamba kirefu. Yale majike yenye kiboga kidogo nyuma yake ukiyagusa unachapwa. Panda maboga mwanangu, uachane na vitu vya majina magumu.

Kikokotoo
Kilo ya unga inapanda kila siku, mtu anahangaika na ua la kutafuna. Nchi hii ina watu wa aina mbili. Mimi kwenye zile ndoo ningepanda chainizi na nyanya chungu, nikauza mafungu pale njia panda. Vijana wa sasa mnapenda vitu vya kupiga picha.

Mkazi wa Goba
Kaka @Kikokotoo sijaomba ushauri wa chainizi. @Udongo Tifutifu haya, ni urea. Kidogo tu, kiganja kimoja kila ndoo kila Jumamosi. Jirani anaweka kwenye mahindi na yanastawi.

Udongo Tifutifu
Ndiyo hiyo. Urea ni naitrojeni asilimia 46, na naitrojeni kazi yake ni majani. Jirani yako anataka majani na bua, wewe unataka ua. Nastatiamu ni mmea wa shida: ukiupa udongo wa kimaskini unaona maisha mafupi, unakimbilia kutoa maua upate mbegu. Ukiushibisha unanenepa na kusahau kuzaa. Kiganja kwa ndoo ya lita 20 kila wiki ni sherehe.
Acha urea leo. Usiongeze kitu kingine cha "kurekebisha". Hayo majani mapana punguza theluthi, na usiyatupe, yanaliwa, yana ukali kama wa haradali. Ndoo zipate jua la asubuhi, mchana kivuli chepesi. Kumwagilia mara moja kwa siku, tena ukiingiza kidole ukakuta pamekauka. Nastatiamu huchukua wiki nane hadi kumi tangu mbegu, na kwa joto la Dar usitegemee fujo. Kwa hiyo narudia: siku 23 za nini?

Nipo Paleee
Swali zuri. Nimesogea mbele zaidi.

Mkazi wa Goba
Jamani. Haya.
Wifi yangu anaoka keki za harusi. Amepata mteja anayetaka keki ipambwe kwa maua halisi ya kuliwa, si ya plastiki wala ya sukari. Wifi akaniuliza nikamwambia ninayo. Nilikuwa na paketi za mbegu. Tukakubaliana laki tatu, akanipa kianzio laki na nusu. Kianzio nimerejesha kwenye kikoba, nilikuwa nadaiwa. Harusi ni tarehe 9 mwezi ujao. Sasa msinihukumu, mtu yeyote angefanya hivyo. Mbegu ikiwa mkononi ni sawa na unalo ua, ni suala la muda tu.

Kikokotoo
"Mbegu ikiwa mkononi ni sawa na unalo ua." Hii niiandike ukutani kwa fundi wangu wa kabati, naye alikula kianzio akiwa na msumari mmoja.

Senene wa Muleba
Kikoba kimekula maua kabla ya bwana harusi.

Bi Rehani
Msimcheke. Deni linatia mtu wazimu. Mie mwaka fulani nilichukua oda ya visheti vya hitima nikiwa sina hata sukari ndani. Nililia usiku, asubuhi nikaenda kwa jirani. Mwambie wifi yako mapema, mwanangu. Wifi akijua mwenyewe hutaolewa tena katika ukoo ule.

Chai Bila Sukari
Samahani naharibu mchezo. Nimepita kwenye nyuzi za zamani za mleta mada. Februari alileta uzi wa betri ya bajaji, akaandika, nanukuu, "mke wangu ananicheka". Leo ana wifi. Mwanaume ana shemeji. Wifi umempata wapi mkuu? Hii ni chai, na maua yamewekwa juu ili ipendeze.

Nipo Paleee
Uuuwi. Nimesimama juu ya kiti.

Mkazi wa Goba
Akaunti ni ya mume wangu. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo nikimwagilia, ndiyo maana natumia ya kwake. Wifi ni dada yake. Mmeridhika?

Chai Bila Sukari
Simu ikatumbukia kwenye ndoo ya maua. Hiyo hiyo. Na mume yuko wapi muda huu simu yake ikiwa kwako?

Mkazi wa Goba
Yupo Morogoro kikazi mpaka Ijumaa. Ana simu mbili.

Kikokotoo
Mwanaume mwenye simu mbili anaacha moja nyumbani? Hapo ndipo nimeamini ni chai.

Senene wa Muleba
Na akirudi Ijumaa akafungua akaunti yake, si atakuta habari ya laki na nusu ya dada yake?

Mkazi wa Goba
Sikuwa nimelifikiria hilo.

Chai Bila Sukari
Weka picha. Bila picha naomba wasimamizi wauhamishie uzi huu jukwaa la hadithi.

Mkazi wa Goba
*[picha: ndoo nne zimepangwa ukutani, majani ya duara yameshuka mpaka kwenye sakafu]*
Nimepiga sasa hivi. Kanga yangu ile inaonekana kwenye kamba. Mume wangu hafui kanga.

Udongo Tifutifu
Picha ni ya kweli, na imenisaidia kuliko maelezo yote. Hiyo ni nastatiamu: kikonyo kimeingia katikati ya jani kama mpini wa mwavuli. Kuza picha ukingo wa ndoo ya pili. Unaona utando mweupe kama unga uliogandia? Hiyo ni chumvi. Maji yako ni ya kisima?

Mkazi wa Goba
Ya kisima. Yana chumvi kidogo, chai yake haipandi.

Udongo Tifutifu
Basi ndiyo iliyounguza ncha za kalendula, ikisaidiana na urea. Tena sioni maji yakitoka chini. Umetoboa matundu?

Mkazi wa Goba
Nilitoboa moja kila ndoo, kwa msumari.

Udongo Tifutifu
Tundu moja la msumari huzibwa na punje moja ya kokoto. Pasha nondo ndogo moto mpaka iwe nyekundu, toboa sita chini na mawili ubavuni karibu na kitako. Kisha tafuta maji baridi yasiyo na chumvi, ya mvua au ya kununua, mimina polepole kila ndoo mpaka yatiririke chini, ngoja, rudia. Unafua udongo kama unavyosuuza mchele. Baadaye kama huna maji mengine, angalau kila mara ya tatu weka yasiyo na chumvi. Safari nyingine loweka mbegu usiku mmoja, zika sentimita moja na nusu, ndani ya ndoo itakamokulia. Nastatiamu haipendi kuhamishwa.

Dozi Kamili
Nasoma kimya tangu asubuhi, sasa nimelazimika kuandika. Nipo dirisha la dawa, si mkulima. Pembeni kulia kwenye picha kuna trei mbili za maua ya pinki na meupe, petali tano, katikati kijicho. Zile ni vinka. Za nini?

Mkazi wa Goba
Za mapambo ya uwanja.

Dozi Kamili
Uwanja wa saruji, trei mbili, wiki tatu kabla ya keki.

Mkazi wa Goba
Ni akiba tu. Nilizinunua juzi kwenye bustani ya pembeni ya barabara, elfu kumi na mbili. Zangu zikigoma wifi anapata kitu. Juu ya keki nani anakula ua? Watu wanalitoa pembeni. Na bibi yangu alikuwa anachemsha majani yake kwa ajili ya sukari, aliishi mpaka uzeeni. Kwa kweli nilishaamua, nilitaka tu kujua za ndoo zitawahi au la.

Dozi Kamili
Nisikilize dada yangu. Kutoka kwenye mmea huo ndiko zilikotoka vinkristini na vinblastini, dawa za saratani, ikiwemo saratani ya damu ya watoto. Zinaua seli. Hospitali tunazipima kwa miligramu na mgonjwa anafuatiliwa kwa vipimo vya damu. Ua lake siyo kidonge, sikuogopeshi kwamba ukumbi mzima utaanguka, lakini mmea wote una kemikali za jamii hiyo na hakuna anayejua ua moja limebeba kiasi gani. Mteja ameomba ua la kuliwa. Mtoto wa miaka minne akiliona juu ya krimu hatalitoa pembeni. Atalila kwanza.

Udongo Tifutifu
Ongeza hapo: miche ya bustani za barabarani imekuzwa ipendeze macho. Inapuliziwa dawa za wadudu, na baadhi ya dawa hizo huingia ndani ya mmea, huzitoi kwa kuosha. Hata ingekuwa waridi ningesema hapana.

Kikokotoo
Hapa nimeacha utani. Rudisha trei.

Mkazi wa Goba
Hawapokei, nimeuliza. Mnaongea rahisi kwa sababu si nyie mtakaomtazama wifi usoni. Huyu wifi mwenyewe ndiye aliyesema kaka yake amekosea kuoa.

Bi Rehani
Alaa, kumbe hapo ndipo panapouma. Tangu mwanzo ungesema.
Nina mashina manne ya waridi uani kwangu, sijawahi kupuliza chochote zaidi ya maji ya sabuni. Na kwenye ua wa nyuma lipo lile la bluu linalotambaa, watu wanachemsha chai, ukikamulia ndimu inageuka zambarau mbele ya macho yako. Hilo mbegu yake unaikwaruza kidogo na jiwe kisha unailoweka usiku, na joto linalipenda. Njoo pembeni tuongee. Basi la asubuhi linafika huko mchana. Ila kwanza mpigie wifi yako, mie siwezi kutuma waridi kwenye uongo.

Chai Bila Sukari
Sasa mimi naomba radhi nusu. Ile ya simu kwenye ndoo bado siimezi.

Senene wa Muleba
Bibi ukituma kwa basi, petali zipange juu ya kitambaa chenye unyevu ndani ya kopo la mfuniko, zisibanane. Senene wabichi nawasafirisha hivyo hivyo.

*(siku nne baadaye)*

Mkazi wa Goba
Nimerudi. Nimetoboa ndoo, nimesuuza udongo kwa madumu matatu ya maji ya kununua. Vinka nimezipanda getini kwa mwenye nyumba. Wifi nimempigia. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza waridi za huyo bibi ni za rangi gani. Pesa hajaisema, nami sijamkumbusha. Mume wangu amerudi, ameusoma uzi wote, amecheka kwenye ile ya betri tu.
Leo asubuhi nimeinua majani ya ndoo ya tatu nikakuta kichomozo chenye mkia nyuma, kimeanza kupasuka, ndani kuna rangi ya chungwa. Kimoja.

Nipo Paleee
Hongera sana! Keki ina ghorofa ngapi?

Mkazi wa Goba
Tatu.